Amekubali kwa Mdomo Gani?

Mtu akikwambia "Mama amekubali," muulize kwanza amekubali kwa mdomo gani. Mimi niliuliza. Niliuliza kwa sauti ya kupasua vioo, sebuleni kwa Mama, mbele ya wifi yangu aliyekuwa ameshika sinia la chai, na sijutii hata kidogo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama na futi mkononi, anaupima ukuta unaotenganisha sebule na karakana ya Baba. "Hapa tutabomoa," anasema, kana kwamba mafundi ujenzi wameshafika na wanasubiri amri yake. "Hapa kaunta. Pale mbele kioo, simu zikae ndani yake. Mama amekubali."

"Amekubali lini?"

"Juzi."

"Kwa mdomo gani, Kaka?"

Wifi aliweka sinia chini. Maana wote tunajua: tangu Mama afanyiwe upasuaji wa koo, hana sauti, na daktari alitueleza wazi tusitegemee itarudi. Kilichobaki ni mnong'ono, tena mnong'ono wa kuinamia, uweke sikio karibu kabisa na midomo yake, redio izimwe na mtu asiburute kiti. Kaka ndiye aliyezoea kuinama. Anainama, anasikia maneno mawili, anainuka na hotuba nzima. "Mama anasema amefurahi sana kuwaona, anawashukuru kwa zawadi, na anaomba msikawie kuja tena." Kumbe Mama kasema funga dirisha. Ndiyo maana nikambandika jina la Msemaji, na jina likamganda mpaka watoto wake mwenyewe humwita hivyo akiwa hayupo.

Karatasi na kalamu tulimpa Mama siku za mwanzo. Akaandika neno la kwanza, na kabla hajamaliza la pili Msemaji alikuwa ameshasoma la tatu. Mama akairusha kalamu uvunguni mwa kochi, ikabaki hukohuko.

Sasa hiyo karakana. Ni chumba cha mbele, kinatazama barabara, kina dirisha kubwa kuliko yote nyumba nzima. Baba alitengeneza redio humo tangu hatujazaliwa, na humo ndimo alimotufundisha sisi wawili kulehemu. Tangu tumzike, kila kitu kimekaa alipokiacha: bisibisi, mikebe ya skrubu, koti lake la kazi kwenye msumari. Mlango hatukuutia kufuli. Umelala kwenye bawaba, ukiuachia unajifunga wenyewe. Siku moja nilimkuta Mama ameuzuia kwa ndoo. Nikaiondoa ndoo, nikamwambia vumbi litaharibu vitu vya Baba. Nilitaka kibaki hivyohivyo, na nilijua kwa moyo wangu wote kwamba Mama naye anataka hivyohivyo. Nilijuaje? Nilijua tu! Mjane gani atapenda karakana ya mumewe igeuzwe duka la simu?

"Mama atasema mwenyewe," nikamwambia Kaka. "Jumapili. Mbele ya Baba Mdogo. Na wewe usimsemee hata herufi."

"Atasema kwa mdomo gani, Shaba?" Akanirudishia neno langu lilelile huku anacheka. Jina la Shaba alinipa yeye, kwa sababu kazi yangu ni kufunga upya nyaya za mota zilizoungua, na mikono yangu inanuka shaba mchana kutwa.

"Kwa amplifaya. Tutamtengenezea."

Kicheko kikamkatika. Mfanyie Kaka lolote, lakini usitaje kazi ya mikono halafu umwache nje. "Bodi naunda mimi," akasema papo hapo, na futi akaikunja.

Muda wote huo Mama alikuwa kwenye kiti chake, midomo inacheza. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mimi na Kaka tulikuwa tunapiga kelele juu ya namna ya kumsikia.

Usiniulize kwa nini hatukununua dukani. Watoto wa fundi redio wakanunue kipaza sauti kwenye boksi, na kikaratasi cha maelezo juu? Baba angefufuka atuchape. Tulianza na betri, kwa sababu betri haina kelele. Kaka akaunda bodi ndogo safi, tukampa Mama maikrofoni, akaanza: "Mimi nataka hicho chumba..." Betri ikakata. Mama akabaki anachezesha midomo, na Msemaji, bila haya, akamalizia: "...kitumike, kisikae bure. Umeona, Shaba? Anataka kitumike." Nilitamani kummeza mzimamzima. Kuanzia hapo sikutaka kusikia habari ya betri.

Ikabidi twende kwenye umeme wa ukutani, na vita vyenyewe vikaanza.

Nitaeleza kwa kifupi, maana watu hudhani tulikuwa tunagombania upuuzi. Umeme wa ukutani, hata ukishapita kwenye transfoma na kunyooshwa, bado unatetemeka. Mtetemo huo ukifika kwenye spika unakuwa mvumo: mmmmm. Ukipiga muziki hutausikia. Lakini mnong'ono lazima ukuzwe mara nyingi mno, na ukiukuza unaukuza na mvumo pamoja nao. Kwa hiyo unaweka kapasita mbili za kuutuliza umeme, na katikati yake unaweka kitu cha kuzuia mtetemo. Kitu gani sasa? Hapo ndipo familia yetu hugawanyika.

Kuna rezista, kidude cha ukubwa wa pingili ya kidole, chepesi, kinapatikana popote. Tatizo lake kinazuia kila kitu: kinapunguza mtetemo, kinapunguza na umeme mzuri, na kile kinachokizuia kinageuka joto. Halafu kuna koili, waya wa shaba uliozungushwa mizunguko mingi juu ya kiini cha mabati. Yenyewe inaupitisha umeme uliotulia na kuukatalia ule unaotetemeka. Baba alikuwa anasema rezista ni bawabu anayemsumbua kila mgeni, koili ni bawabu anayemkamata mlevi peke yake. Ubaya wa koili ni uzito. Inayofaa kwa kazi ile ina uzito wa tofali.

"Rezista," Kaka akasema. "Tunaongeza na kapasita moja kubwa, mvumo unapungua, basi yaishe."

"Hatutaki upungue, tunataka uishe!"

"Shaba, hii siyo mota ya kisima."

"Na hii siyo simu ya kutia mfukoni. Mama anaenda nayo wapi? Atakaa mezani, atasema, tutasikia. Koili."

"Unang'ang'ania koili kwa sababu Baba alizipenda."

"Na wewe unazikimbia kwa sababu hujawahi kuzungusha waya bila kuukata!"

Hilo lilimchoma. Tulipokuwa watoto Baba alitukabidhi kila mmoja kiini na waya, na wa kwake ulikatika, akafunga mwingine, nao ukakatika. Tangu siku hiyo yeye ni mtu wa rezista, na anakupa sababu nyingi za kisayansi, lakini sababu yenyewe ni ile. Akanitazama kwa jicho la pembe. "Weka koili yako," akasema. "Mgongo ukikuuma usiniite."

Koili nilijua iko wapi. Nikaenda karakana, nikauzuia mlango kwa kisigino huku nanyoosha mkono kwenye rafu ya chini, pale Baba alipoweka alizozifunga mwenyewe. Mama alikuwa nje tu hapo, koridoni. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake ipo kwenye korido kati ya sebule na jiko, chini ya balbu inayowaka mchana kutwa. Ameshonea hapo tangu nina akili zangu. Sisi watoto tulikua tunapita ubavuubavu nyuma ya kiti chake, na wageni tuliwaambia "pita tu, usiogope." Siku hiyo alikuwa ameleta sindano karibu na jicho, anahangaika kutunga uzi, unapita pembeni. Mlango ulivyokuwa wazi, mwanga wa dirisha la karakana ukamfikia mikononi, na uzi ukaingia mara moja.

Nikatoka nimekumbatia koili, nikaondoa kisigino, mlango ukajifunga nyuma yangu. Mama akanidaka mkono wa gauni. Midomo ikacheza haraka haraka. Nami mikono imejaa, kiuno kinalia, nina hasira na Kaka.

"Jumapili, Mama," nikamwambia. "Yaweke yote. Utayasema Jumapili, na watakusikia wote."

Akaniachia.

Kazi ilipokamilika tuliijaribu kwenye meza ya sebuleni. Kaka alikuwa ameunda sanduku la mbao na mpini juu yake, kazi ya kupendeza, siwezi kumnyima haki yake. Nikawasha. Kimya! Kimya kitupu, kama vile sanduku halina kitu ndani. Nikamtazama Kaka, akajifanya hamnazo, anajikuna kidevu. Mama akaishika maikrofoni, akaileta mdomoni, na nyumba nzima ikasikia: "Chai hii ina sukari nyingi." Wifi akacheka huku machozi yanamtoka. Tulikuwa hatujaisikia sauti ile ikijaza chumba muda mrefu mno, hata kama ilikuwa kavu na ya mkwaruzo.

Akavuta pumzi aendelee. Nikazima.

Ndiyo, nilizima. Sikutaka Msemaji asikie mapema Mama atasema nini, akapata nafasi ya kujipanga na kupika maneno. "Yatunze, Mama," nikasema, "koo lisichoke." Mama akaiweka maikrofoni mezani. Alilishika sanduku kwenye mpini, akalivuta, likainuka kidogo upande mmoja, akaliachia likatua puu.

"Usibebe, utaumia!" nikamwambia. "Mimi nipo, nitakubebea popote."

Akanitazama kidogo, kisha akarudi koridoni kwake.

Jumapili nikafika nimevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Baba Mdogo, mdogo wake Baba, alishafika na kujaza kochi zima. "Shikamoo, Baba Mdogo." "Marahaba, mwanangu, naona leo mmenikusanyia mkutano wa taifa." Kaka yupo, wifi yupo, Mama kwenye kiti chake, kanga mbili mpya, mikono imetulia mapajani. Nikaenda chumbani kwake kulichukua sanduku. Nikatanua miguu, nikakaza kiuno, nikavuta kwa mikono miwili.

Sanduku likaruka. Nusura linipige kidevu.

Sikuhitaji kulifungua ili nijue, lakini nililifungua, hapohapo kitandani. Mahali pa koili palikuwa na matundu mawili ya skrubu, na katikati ya kapasita kuna rezista, imekaa, imelehemiwa kwa lehemu inayong'aa, lehemu ya Msemaji, ningeitambua hata ningefungwa kitambaa machoni. Damu ikanipanda kichwani. Nikalibeba lile sanduku likiwa wazi, nyaya zinaning'inia, nikaliweka mezani mbele ya Baba Mdogo.

"Tazama! Tazama mwanao alichofanya! Mama apewe nafasi moja, moja tu, ya kusema na wanadamu wamsikie, na huyu anaingia chumbani kwake kama mwizi, anang'oa koili ya Baba, anatia kidude hiki cha kuvuma, ili Mama asisikike na yeye asimame kututafsiria! Wewe Kaka, huna hata haya? Mama yako mzazi?"

"Shaba, ngoja..."

"Singoji! Umengoja wewe? Umeshapima na ukuta!"

"Mama ndiye aliyeniambia niitoe."

Nikacheka. Si kicheko cha furaha. "Haya, Baba Mdogo, umesikia mwenyewe. Mama amesema! Mama amekubali! Kila kitu Mama amesema, na hakuna hata mmoja aliyesikia isipokuwa yeye!"

"Haki ya nani!" Kaka akasimama, na sauti ikamtetemeka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mara moja tu maishani nimesema alichosema, sikuongeza hata neno, na ndiyo siku naitwa mwizi!"

"Ni kweli, wifi," mkewe akadakia. "Nilikuwepo."

"Wewe ni mkewe, ungesema nini?"

Baba Mdogo ni mtu wa polepole, hata kukohoa hukohoa kwa mpango. Akainua mkono. "Kwani tumekuja kuwasikiliza ninyi?" akauliza. "Washeni hicho kitu."

Mama alishalivuta sanduku. Alilivuta kwa mkono mmoja, akalipakata mapajani kama anavyopakata kitambaa, akarudisha kifuniko juu yake, akanyoosha waya kwa wifi auchomeke ukutani. Tak, swichi. Na ukaja, nilijua utakuja, ule mvumo wa rezista, mmmmm, umetanda sebule nzima.

"Mnausikia?" nikasema. "Mnausikia huo mvumo lakini? Koili ilikuwa..."

"Nyamaza," spika ikasema.

Nikanyamaza.

"Ni mimi niliyemwambia," Mama akaendelea. Maneno yalikuwa yanatembea juu ya ule mvumo, makavu, lakini kila moja lilifika. "Nilimvuta shati asubuhi, nikamwambia toa hilo tofali. Koili ni nzuri, Shaba. Najua ni nzuri, mimi nimeishi na mtu wa koili. Lakini wewe unataka niseme Jumapili. Mimi nataka niseme na Jumatatu. Nataka kwenda kwa jirani nimwambie bomba lake linalowesha ukuta wangu. Nataka kwenda dukani kubishania vifungo. Nani atanibebea tofali? Wewe? Wewe unakuja lini?"

Uso uliniwaka moto. Nikaona Kaka anaficha tabasamu.

"Na wewe usicheke. Karakana nilikwambia nini?"

Kaka akajikuna kidevu. "Ulisema... pafunguliwe."

"Pafunguliwe. Kaunta nilisema mimi? Kioo nilisema mimi? Hizo simu zako nilizitaja mimi?"

"Hapana, Mama."

Moyo ukanirudi. Nikamgeukia Baba Mdogo, nimeshanyanyua na kidole. "Mmeona? Nilijua! Mama anataka karakana ya Baba ibaki kama ilivyo..."

"Nani kakwambia?" spika ikauliza.

Kidole nikakishusha.

Mama akaibadilisha maikrofoni mkono, na sasa hasira ilikuwa yake. Nilikuwa sijamwona Mama amekasirika namna ile. Wakati ana sauti, hasira zake zilikuwa za kugongesha sufuria jikoni, halafu zinapoa.

"Humu ndani kila mtu ameshakubali kwa niaba yangu. Huyu amekubali pabomolewe. Huyu amekubali pafungwe, mpaka ndoo yangu akaiondoa. Baba yenu alikaa dirishani akitengeneza redio za watu, na mimi nikashona koridoni, balbu inanichoma utosi, nyie mnanipita mgongoni na masufuria. Nikasema haya, ndiyo ndoa. Alipokufa nikamlia, Mungu shahidi, nilimlia. Lakini nilipomaliza kulia nikasema, sasa nitapata dirisha. Mkafunga mlango. Macho yangu yanakwisha kwenye ile korido, na ninyi mnagombania koti lililotundikwa msumarini!"

Baba Mdogo akakohoa. "Shemeji, ungetuambia..."

"Nimewaambia! Nimemvuta huyu mkono wa gauni, nimemvuta yule shati. Mnasema Mama hana sauti, maskini. Nilipokuwa na sauti, mliniuliza lini?"

Spika ikaendelea kuvuma peke yake, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusema juu ya huo mvumo. Nilikuwa na hasira bado, lakini ilikuwa imekosa pa kwenda. Kaka alikuwa anaitazama futi yake juu ya meza kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Na koili iko wapi?" Baba Mdogo akauliza baadaye, nadhani kwa sababu mtu ilibidi aulize kitu.

Mama akazima. Akachomoa waya, akauzungushia mkononi, akanyanyua sanduku kwa mpini, mkono mmoja, akatoka nalo sebuleni akitembea wima. Tukamfuata kwa mstari kama watoto wa shule.

Balbu ya koridoni ilikuwa imezimwa. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, imezimwa, na bado naona vizuri: naona rangi iliyobanduka ukutani, naona mikwaruzo ya kiti chake sakafuni, mistari miwili iliyochimbika. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kabisa, na chini yake, imekaza, koili ya Baba. Nilikuwa nimepita pale nilipofika, nikiwa na haraka ya kutoa ushahidi, sikutazama hata upande. Ndoo ningeiondoa kwa mguu. Ile nani angeiondoa?

Koti la Baba lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa kwenye rafu ya juu. Meza yake ilikuwa imepanguswa.

"Haya," Kaka akaniambia taratibu, "shika upande huo."

Cherehani ya Mama ni ile ya miguu ya chuma, wala usiniambie habari za uzito. Tuliinyanyua mimi na yeye, tukaipitisha mlangoni ubavu, akanikanyaga, nikamtukana, akaomba radhi. Mama alikuwa ameshachomeka sanduku kwenye soketi ya Baba. Tukaiteremsha karibu na meza, tunahema.

Tak. Mmmmm. "Siyo hapo," spika ikasema. "Dirishani. Kwani nyie dirisha hamlioni?"

Tukainyanyua tena.

Huo mvumo unanikera mpaka leo, siwezi kudanganya. Nikiwa pale najikuta nasaga meno. Kaka aliongeza kapasita, ukapungua, haukuisha, nami nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba anayelalamika ni mimi peke yangu. Niliwahi kumwomba Mama, kwa heshima zote, kwamba kwa kuwa sasa sanduku linakaa mezani muda mwingi, nirudishe koili. Alilibeba, akatoka nalo, na baada ya dakika chache nikamsikia nyumba ya pili, amechomeka hukohuko, anagomba kuhusu bomba.

Hivi karibuni nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta dirishani, ameinamia mkono wa shati, jua limemlalia begani, uzi unaingia kwenye tundu bila hata kukunja uso. Sanduku lipo pembeni ya goti lake, limezimwa. Mimi nikakaa kwenye kiti cha Baba karibu na mlango, nikawa naizungusha ile koili kwa ncha ya kiatu, najisemea ni ujinga wa namna gani kuiacha koili kama ile ikizuia mlango.

Akaingia mama mmoja na kitambaa chini ya kwapa. Akamwamkia Mama kwa kuinamisha kichwa tu, kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti kama vile tuko hospitali.

"Samahani, dada. Nina gauni la harusi ya mdogo wangu, na muda wenyewe umenibana. Unadhani mama atakubali?"

"Bila shaka," nikamwambia, naupokea mkono wake kwa tabasamu. "Usiwe na wasiwasi, weka kitambaa hapo. Mama atakubali tu."

Tak.

Mmmmm.

"Nitakubali kwa mdomo gani?" spika ikauliza.